Wizi wa Maandishi na Ukiukaji wa Hakimiliki: Makosa Mawili Yanayochanganywa

Mtunzi wa simulizi anayeweka sehemu moja kila jioni katika ukurasa wake wa Facebook, na kuwauzia wasomaji sehemu zinazofuata kupitia WhatsApp kwa malipo ya simu, anaweza kudhulumiwa kwa namna tatu ambazo kwa macho zinafanana lakini kwa sheria na kwa desturi ya uandishi hazifanani hata kidogo. Msomaji wa kwanza analipia simulizi yote, anaikusanya katika faili moja la PDF lenye jina la mtunzi juu kabisa, tena kwa sifa tele, na kuisambaza bure katika makundi yote aliyomo. Wa pili hachukui hata sentensi moja, ila anachukua kiini cha kisa pamoja na fumbo lake la mwisho, anakihamisha kutoka Tanga kwenda Mwanza, anambadilisha Zuhura kuwa Neema, na kukiandika kwa maneno yake kana kwamba kilimjia mwenyewe. Wa tatu ananakili kila neno, anafuta jina na namba ya simu ya mtunzi, kisha anaweka vya kwake.

Wote watatu wataitwa wezi, na hasira ya mtunzi itakuwa halali kwa wote. Hata hivyo, wa kwanza amekiuka hakimiliki bila kufanya wizi wa maandishi, kwa sababu hakujidai kuwa yeye ndiye aliyetunga. Wa pili amefanya wizi wa maandishi ambao mahakama huenda isiwe na la kuufanya. Ni wa tatu peke yake aliyefanya makosa yote mawili kwa mkupuo. Asiyeitambua tofauti hii hupeleka shauri lake mahali pasipohusika, na baada ya kukataliwa huamini kwamba sheria haimlindi mwandishi, ilhali alichokosea ni mlango wa kubisha.

Wizi wa maandishi ni kosa la uaminifu. Mtu anawasilisha maneno, mawazo au utafiti wa mwingine kama vyake, na anayedanganywa kwanza kabisa ni msomaji, mhariri, mwalimu au jopo la waamuzi wa shindano. Hao ndio wenye mamlaka ya kuuadhibu: chuo kinafuta alama, mhariri anaondoa makala, waandaaji wa tuzo wananyang'anya zawadi. Hakimiliki, kwa upande wake, ni mali iliyotambuliwa na sheria. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 kwa kuwa jambo hili si la Muungano, Kenya ina sheria ya mwaka 2001 iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2019, na Uganda ina ya mwaka 2006. Sheria hizo humpa mtunzi haki ya kiuchumi, yaani kuamua nani anakili, anachapisha, anatafsiri au anauza kazi yake, na pia haki ya kimaadili, yaani kutajwa kuwa ndiye mtunzi na kuzuia kazi yake isipotoshwe kwa namna inayomvunjia heshima. Haki hii ya pili, iliyoingizwa mwaka 1928 katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa unaolinda kazi za waandishi na wasanii, ndiyo sehemu ambapo makosa haya mawili yanagusana, na huenda ndiyo iliyozaa mkanganyiko wote.

Mfano ulio wazi zaidi wa wizi wa maandishi usiokiuka hakimiliki unapatikana nyumbani. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na sheria ya Tanzania inailinda kazi ya mtunzi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo muda huo ulitimia mwishoni mwa mwaka 2012. Mtu yeyote nchini anaweza leo kuyapiga chapa mashairi ambayo mshairi huyo aliyachapisha akiwa hai, kuyasoma hadharani au hata kuyauza, bila kumlipa mtu. Lakini anayechukua beti zake tatu na kuziweka mtandaoni chini ya jina lake mwenyewe bado ni mwizi wa maandishi, na atabaki kuwa hivyo hata miaka mia mbili ijayo, maana ukweli kuhusu nani alitunga hauishi muda wake. Aliyejiandaa kuyachapa upya aangalie pia ameyatoa wapi: dibaji, tanbihi na picha ya jalada la toleo jipya ni kazi za watu wengine walio hai, na zina ulinzi wake. Tena muda huhesabiwa nchi kwa nchi. Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya zinatumia kipimo cha miaka 70 baada ya kifo, na Marekani ina hesabu ya pekee kwa vitabu vya zamani, kwa hiyo anayeuza kupitia duka la mtandaoni la huko afuate hesabu ya huko.

Tafsiri inaleta tabaka jingine juu ya hilo. Shakespeare alifariki mwaka 1616 na tamthilia zake hazina mwenyewe, lakini tafsiri za Kiswahili za Mwalimu Julius Nyerere, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, ni kazi zenye hakimiliki yake zenyewe. Mwalimu alifariki mwaka 1999, na kwa kipimo cha miaka 50 tafsiri hizo zinalindwa hadi mwishoni mwa mwaka 2049. Mtu mwingine ana uhuru wote wa kuirudia tamthilia ileile ya Kiingereza na kuifasiri upya kwa Kiswahili chake. Asichoruhusiwa ni kuichukua ya Mwalimu na kuibadilisha maneno mawili matatu.

Kanuni hiyohiyo inawagusa wengi wanaojiona hawana kosa lolote. Kila siku makala za Kiingereza kuhusu afya, biashara na malezi hufasiriwa kwa Kiswahili na kuwekwa mtandaoni bila jina la mwandishi wa awali, kwa imani kwamba kazi ya kufasiri imeyafanya kuwa maandishi mapya. Haki ya kufasiri, kwa mujibu wa kifungu cha 8 cha Mkataba wa Berne, ni ya mtunzi wa kazi ya awali. Kwa hiyo anayefasiri bila ruhusa anakiuka hakimiliki, asipomtaja mwenye kazi anaongeza wizi wa maandishi, na akimtaja bila kumwomba anabaki na lile kosa la kwanza. Sioni namna ya kulilainisha jambo hili, ingawa najua limekuwa desturi.

Hapo ndipo maneno kama "sifa zote kwa mwenyewe" au "nimeitoa mahali" yanapofichua udhaifu wake. Kumtaja mtunzi hutibu wizi wa maandishi peke yake. Hakumpi anayenakili ruhusa ambayo hakuiomba, na kwa hakika jina la mtunzi juu ya faili lililosambazwa bure ni ushahidi kwamba msambazaji alijua vizuri kazi ni ya nani. Hali ni mbaya zaidi kwa picha zinazosindikizwa na maneno "Chanzo: Google". Google haikupiga picha hiyo. Ilionyesha tu mahali ilipo, na mara nyingi njia ya kumtafuta mpiga picha inaanzia kwenye ukurasa huo.

Hakimiliki inaanza lini? Inaanza pale kazi inapoandikwa, bila kibali, bila muhuri na bila alama ya © chini ya ukurasa. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993, Tanzania mwaka 1994 na Uganda mwaka 2022, unakataza nchi wanachama kuufanya usajili kuwa sharti la ulinzi. Anayesajili kazi yake katika ofisi za hakimiliki, yaani COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar au katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, hanunui haki ambayo hakuwa nayo, bali anajipatia ushahidi wa tarehe na wa jina, na siku ya ugomvi ushahidi huo una thamani kubwa. Kwa sababu hiyohiyo, lile tangazo linalozuka kila baada ya muda, ambalo watu hubandika kwenye kurasa zao wakitamka kwamba "hawaipi Facebook ruhusa" ya kutumia maandishi na picha zao, halibadilishi kitu. Ruhusa hiyo ilitolewa siku mtu alipofungua akaunti na kukubali masharti. Masharti yenyewe hayaichukui hakimiliki. Yanaipa kampuni leseni isiyo ya kipekee ya kuhifadhi, kuonyesha na kusambaza kilichowekwa, na mtunzi anabaki mwenye mali. Msomaji wa kawaida hapati leseni hiyo. Kitu kuonekana na wote hakumaanishi kwamba kimekuwa cha wote.

Swali gumu zaidi ni lile la kinacholindwa hasa. Sheria inalinda namna jambo lilivyosemwa, wala hailindi wazo, mbinu, ukweli wa kihistoria au habari ya siku. Mtu hawezi kujimilikia kisa cha binti anayeolewa kwa nguvu, wala taarifa kwamba daraja limebomoka. Mpaka wa kanuni hii hauchorwi kwa rula, kwa kuwa kadiri mnakili anavyofuata mfuatano wa matukio sura kwa sura, mazungumzo kwa mazungumzo, ndivyo anavyotoka kwenye wazo na kuingia kwenye usemi unaolindwa. Yule mnakili wa pili, aliyebadilisha Zuhura kuwa Neema, yuko salama mbele ya sheria kwa kadiri tu alivyobaki mbali na maelezo ya kina ya mwenzake.

Tuchukue sentensi moja niliyoitunga kwa ajili ya mfano huu: "Mji haukufa siku bandari ilipofungwa; ulikufa siku vijana walipoacha kugombania nafasi ya kukaa barazani." Mwandishi mwingine anaandika: "Mji haukufa wakati bandari ilipofungwa, bali ulikufa pale vijana walipoacha kushindania sehemu za kukaa barazani." Maneno machache yamebadilika, lakini mifupa ya sentensi ni ileile, mpangilio wa hoja ni uleule, na hata mshtuko wa nusu ya pili umekuja mahali palepale. Huu ni wizi wa maandishi hata kama programu ya kukagua mfanano itatoa asilimia ndogo, kwa kuwa programu za aina hiyo, Turnitin ikiwa mojawapo, hupima kufanana kwa maneno, na hukumu ya kama kuna wizi anabaki nayo anayesoma. Mwandishi mwaminifu alikuwa na njia mbili. Angeweza kuinukuu sentensi nzima ndani ya alama za nukuu na kumtaja mwenyewe, au angelichukua wazo lake, akalitaja ni la nani, kisha akalijenga kwa ushahidi wake: katika mji wangu, angesema, dalili aliyoieleza fulani niliiona kwa namna tofauti, pale mabaraza yalipogeuzwa kuwa vibanda vya biashara. Hapo msomaji anapata kitu kipya, na mwenye wazo anajulikana.

Si kila kufanana ni wizi, na utamaduni wetu wa ushairi una mengi ya kutufundisha kuhusu hilo. Washairi wanaojibizana hurudia bahari, vina na hata kituo cha mwenzao, na anayejibu hategemewi kuomba radhi, kwa sababu kila msomaji anajua jibu ni la shairi gani. Methali nayo ni ya wote. Ngano na sanaa nyingine za jadi zina hali ya katikati: hazina mtunzi mmoja, lakini sheria ya Tanzania ya 1999 ina sehemu inayozilinda dhidi ya matumizi ya kibiashara yasiyoidhinishwa, na Kenya ilitunga sheria mahususi ya maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni mwaka 2016. Anayezikusanya na kuziandika ana hakimiliki ya usimulizi wake, lakini hana ya ngano yenyewe. Na watunzi wa tenzi walijua zamani umuhimu wa kutambulika, ndiyo maana wengi wao walijitaja katika beti za mwisho, mahali ambapo mnakili angelazimika kuharibu utungo ili kulifuta jina. Wanaosambaza mashairi kwa WhatsApp siku hizi huukata ubeti huo bila hata kusita.

Kuhusu kunukuu, uvumi umeenea kwamba sheria inaruhusu asilimia kumi ya kazi, au maneno mia tatu, au ukurasa mmoja. Hakuna kipimo cha namna hiyo katika Mkataba wa Berne. Kifungu chake cha 10 kinaruhusu nukuu kutoka kazi iliyokwisha kutolewa kwa umma, iwapo inatumiwa kwa desturi ya haki, haizidi kiasi kinachodaiwa na lengo lake, na chanzo pamoja na jina la mtunzi vimetajwa. Nchini Marekani, ambako sheria ya matumizi ya haki (fair use), inayoruhusu kutumia sehemu ya kazi bila ruhusa, inasifiwa kwa upana wake, gazeti la The Nation lilipata mwaka 1979 muswada wa kumbukumbu za Rais wa zamani Gerald Ford kabla haujachapishwa, na likachapisha makala iliyonukuu maneno kati ya 300 na 400 kutoka muswada wenye maneno yapatayo 200,000. Jarida la Time, lililokuwa limekubaliana na wachapishaji kutoa dondoo za kitabu hicho, lilivunja mkataba na kukataa kulipa dola 12,500 zilizobaki. Mwaka 1985 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba gazeti lilikiuka hakimiliki, kwa sababu maneno hayo machache yalikuwa moyo wa kitabu, yakieleza jinsi Ford alivyomsamehe rais aliyemtangulia, Nixon, na kwa sababu mwenye kazi alinyimwa haki ya kuitoa kwa mara ya kwanza. Ni chini ya asilimia moja, na ilitosha.

Shairi fupi linaonyesha ugumu huo kwa upande mwingine. Mhakiki anayelichambua tungo la beti nne anaweza kuhitaji beti mbili, nusu nzima ya kazi, na bado akawa ndani ya haki kwa kuwa hoja yake inaning'inia kwenye beti hizo. Anayezibandika beti hizohizo juu ya picha ya machweo ili kupata wafuatiliaji hana hoja yoyote inayozihitaji. Maneno ya nyimbo yachukuliwe kwa tahadhari ileile.

Mtunzi anayetaka kazi yake isambae anaweza kuiachia kwa masharti anayoyachagua mwenyewe. Leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, ni za namna sita, na tofauti kubwa kati yake ni kama biashara inaruhusiwa, kama kazi inaweza kubadilishwa, na kama anayeibadilisha analazimika kuitoa kwa masharti yaleyale. Zote sita zinadai mtunzi atajwe. Hadithi za watoto za African Storybook, zikiwemo za Kiswahili, zinatolewa kwa leseni za aina hii, na makala za Wikipedia ya Kiswahili vilevile, kwa hiyo anayenakili kutoka Wikipedia bila kuitaja anavunja masharti hata kama maandishi yenyewe ni ya bure. Kabla ya kuachia chochote, hata hivyo, mwandishi akumbuke kwamba mashindano na wachapishaji wengi hutaka kazi isiyowahi kutolewa, na wengi wao huhesabu simulizi iliyowekwa hadharani katika mtandao kuwa imekwisha kuchapishwa. Kuipeleka huko bila kusema ni kuwadanganya wasomaji wale wale wanaolindwa na kanuni ya wizi wa maandishi, hata kama kazi ni yako mwenyewe. Na aliyeandika kwa kuagizwa asome mkataba wake, maana nchini Kenya hakimiliki ya kazi iliyoagizwa au iliyofanywa katika ajira huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au mwajiri, pasipokuwa na makubaliano mengine.

Programu za akili mnemba nazo zimeongeza swali. Mwaka 2025 mahakama ya rufaa ya Washington ilithibitisha kwamba kazi isiyo na mtunzi binadamu haisajiliwi kwa hakimiliki Marekani. Anayetia sahihi yake chini ya simulizi iliyotungwa na mashine huenda hamwibii mtu mali, lakini bado anamdanganya msomaji kuhusu nani ametunga.

Aliyeibiwa aanze na ushahidi kabla ya malalamiko, kwa kuwa mnakili aliyeshtuliwa hufuta kila kitu kwa dakika chache. Apige picha ya skrini inayoonyesha tarehe, jina la akaunti na anwani kamili ya ukurasa, kisha akusanye rasimu zake, barua pepe alizojitumia na chapisho lake la kwanza lenye tarehe ya awali. Baada ya hapo aamue ni kosa lipi. Ikiwa maneno yake yamenakiliwa, fomu ya malalamiko ya hakimiliki ya mtandao husika ndiyo njia ya haraka. Fomu nyingi za aina hiyo zinafuata sheria ya Marekani ya mwaka 1998, zikitaka kazi ya awali itajwe, viungo vya nakala viorodheshwe, na mlalamikaji atie sahihi tamko la nia njema. Aliyelalamikiwa naye anaweza kupinga, na kwa sheria hiyo maandishi hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi iwapo mlalamikaji hajafungua kesi. Kenya iliweka utaratibu wake wa notisi ya kuondoa maandishi katika marekebisho ya mwaka 2019, na inamwadhibu anayetoa notisi ya uongo. Ikiwa kilichochukuliwa ni wazo au mtindo, fomu hiyo itakataliwa, na malalamiko yafaa kwenda kwa mhariri, chuo au waandaaji wa tuzo, yakiambatana na maandishi yote mawili yaliyowekwa sambamba ili msomaji aone mwenyewe.

Makundi ya WhatsApp ndiyo magumu kuliko yote, kwa sababu hayana anwani ya wazi ya kuonyeshea na kampuni yenyewe haisomi ujumbe uliofungwa. Huko kinachobaki ni picha ya skrini yenye namba ya aliyetuma na jina la kundi, ombi kwa msimamizi, na, iwapo faili linauzwa, malalamiko COSOTA, COSOZA au KECOBO pamoja na kumbukumbu za miamala ya simu. Kumbukumbu hizo huwa na uzito kuliko picha za skrini peke yake, kwa kuwa zinaonyesha jina la aliyepokea fedha.